Miaka Minne Isiyokuwemo Kitabuni

Nyumba ya uani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mama yako. Hujambo huko uliko? Koo linaendeleaje, na bado unakunywa maji baridi ukishamaliza kuimba? Usiniambie umeacha kama hujaacha. Sisi tu wazima. Goti langu linalalamika kidogo, lakini mashuka ya hoteli bado nayapiga pasi mwenyewe.

Kitabu cha maisha yako kimefika huku. Nilikinunua kwa muuza vitabu wa stendi, nikakibeba kifuani kama yai. Kusoma kwangu unakujua, ni kwa kidole, mstari mmoja unanimalizia jioni nzima. Basi nikampa binti yako anisomee huku napiga pasi. Hapo ndipo nilipokosea. Ningempa mtu mzima akipitie kwanza.

Alisoma vizuri, Chiriku wetu, sauti juu, akihesabu miaka kwa vidole. Akaniambia, "Bibi, kaa vizuri, ukurasa unaokuja nazaliwa." Akafunua. Ule wa nyuma uliishia umeacha bendi, na huu unaanza, baada ya miaka minne, umepanda jukwaani tena. Akalowesha kidole, akajaribu kuzibandua karatasi. "Zimegandana, Bibi." Nami nikaamini, maana miaka hiyo naijua, uliilala kwenye kitanda changu hiki hiki, upande wa ukutani, na mtoto katikati yetu.

Kesho yake nikakirudisha. Nikamwambia muuza vitabu, hiki kibovu, kina kurasa pungufu. Akafungua vingine viwili, vyote vile vile. Walikuwepo mashabiki wako, wamevaa fulana zenye picha yako, wakanijia juu. "Mama, msanii haulizwi alikuwa wapi." Kinyozi mmoja akasema miaka ile ulikuwa milimani unakusanya nyimbo za wazee, kila mtu anajua. Nikamuuliza kaambiwa na nani. Akacheka, "Kusoma kumshinde yeye, kitabu ndicho kiwe kibovu. Kwani wewe unamjua kuliko sisi?"

Nikakichukua kitabu changu, nikaondoka. Nilikuzaa kwa uchungu wa siku mbili, na bado sikuwaambia, kwa sababu sikujua kama ungependa niseme.

Sikulaumu, mwanangu. Una sababu zako, na watu wana midomo. Hata mashabiki wako wanakutetea kwa kuwa wanakupenda, siwezi kuwachukia kwa hilo. Lakini mtoto wa miaka tisa hayajui hayo. Alishawatangazia wenzake shuleni kwamba yumo kitabuni, sasa wanamwita mwongo. Tangu Jumatatu haimbi akioga. Juzi kaniuliza kama alipokuwa mchanga alilia sana mpaka ukachoka. Nikamwambia hapana, wewe ulikuwa ukiimbiwa mpaka majirani wanalala. Sijui kama ameniamini.

Mimi nakukumbuka kupita kiasi. Redio ikianza wimbo wako naweka pasi pembeni, nisikilize ile pumzi unayovuta kabla ya neno la kwanza. Ndivyo ulivyokuwa ukivuta hapa chumbani, ukimwogesha Chiriku. Wengine wanangoja wimbo, mimi ile pumzi inanitosha.

Siombi ubadilishe kitabu. Nakuomba umwandikie yeye, kwa mkono wako, hata ukurasa mmoja, umweleze miaka ile mlikuwa wapi nyinyi wawili. Ukiweza kuja mwenyewe, njoo mchana kweupe, usinipe hata taarifa.

Kaka yako fundi baiskeli anakusalimu, pamoja na mkewe na mapacha wao wakorofi. Shangazi yako mkunga naye anakusalimu, anauliza kama unakula. Mungu akulindie sauti yako, na akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Chiriku alitaka kukuandikia salamu zake hapa chini. Alishika kalamu, akaniuliza aanze na "Mama" au na jina lako la jukwaani. Kabla sijamjibu, akanirudishia kalamu.

Wako akupendaye siku zote,
Mama