Timbre ya Anaclet

Élisabethville, siku ya Mungu jioni, mwezi wa tano 1934

Na tena ni Anaclet! Huyu jirani wangu alianza kukusanya matimbre ya barua juzi tu, nyuma ya Noeli. Miye niko na miaka tisa ndani ya ile kazi.

Leo aliniletea moja: bei mupya, ile banachapaka juu ya bei ya zamani, imesimama kichwa chini. Makosa ya bachapaji. Miye niliitafuta miaka yote.

"Angalia, yaya," akasema, maana miye njo mukubwa wake, "weye njo unajua."

Nikakamata lupe, kile kioo ya kukuza. Meno ya pembeni yote mizima, kashe, ile muhuri ya posta ya Kambove, muviringo kabisa.

"Jino moja imekatika," nikamuambia. "Haina bei. Uniachie tu, nitaitia pamoja na zangu za kuharibika."

Nilimudanganya namna ile, na asubui nilitoka ku Misa.

Akacheka. "Haizuru, yaya, lakini siwezi kukuachia. Ilitoka ku barua ya mwisho ya baba. Aliniandikia mbele ya kufa."

Alipoenda, nilifungua albumu yangu. Matimbre mia ine, yote niliokota mu makaratasi ya kutupa ya bureau mule ninatumika.

Hakuna hata moja iliyoniletea barua.