Kilio cha Uongo Pale Panda

Alhamisi. Mvua imetishia mchana kutwa na haikunyesha. Nina aibu. Naliandika neno hilo mapema kwa sababu najijua, nikianza kujieleza nitaishia kujitetea.

Kazi yangu unaijua, shajara. Kuna programu ya kuangalia filamu kwenye simu, ofisi yao iko Lubumbashi, na mimi ndiye mtu wao wa matangazo hapa Likasi. Sasa wametengeneza tamthilia yao wenyewe, ya kwanza kabisa, kuhusu tajiri anayejifanya amekufa ili aone watoto wake watagombania nini. Kule Lubumbashi walibandika mabango, wakalipia matangazo yale yanayokatiza video za watu. Hapa kwetu hayakufika mbali. Mtu wa Likasi tangazo likimtokea kwenye simu anafikiria megabaiti zake zinavyoteketea, anafunga.

Shefu wangu kazini, Patrick, akaniambia nitafute kitu kitakachowafanya watu wasimame.

Nikakipata. Hakuna wa kumlaumu, nilikipata mwenyewe nikiwa nasonga bukari, na nikacheka peke yangu kwa furaha.

Hapa, ukiona matawi ya michikichi yamesimikwa kando ya barabara, unajua nyumba hiyo ina kilio. Dereva wa pikipiki anapunguza mwendo, anazima muziki. Hata asiyemjua marehemu anaingia, anakaa kidogo, anatoa pole. Basi leo asubuhi tukasimika matawi kwenye kona moja ya mtaa wa Panda, tukafunga turubai, tukapanga viti vya plastiki, na mbele tukaweka picha kubwa ya mwigizaji wa yule tajiri akiwa na suti, na maneno: Papa Mbuyi ametutoka. Nyuma ya picha kulikuwa na skrini iliyofunikwa kitambaa cheupe. Viti vikijaa, kitambaa kinashuka, marehemu anafumbua macho, jina la programu linatokea, watu wanacheka, mimi narekodi. Huo ndio ulikuwa mpango.

Viti vilijaa upesi. Watu walikuja na huzuni ya kweli usoni, wakanishika mkono, wakanipa pole. Nami nikaitikia. Nikaitikia, shajara! Asante baba, asante mama, kama vile nimefiwa.

Akaja mama mmoja muuza makala, makaa ya kupikia. Alitua beseni lake pembeni, akafunga kitenge kiunoni, akaketi chini na kuanza kulia. Picha hakuiangalia hata kidogo. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia wenye msiba. Nikamsogezea simu. Nakumbuka vizuri nilichowaza wakati ule: huyu ni mzuri.

Kisha nikatoa ishara, kitambaa kikashuka.

Vijana walicheka. Wazee walisimama, wakaondoka, mmoja akatema mate chini. Yule mama hakuelewa. Aliangalia skrini, akatuangalia sisi, akamuuliza aliyekaa karibu naye, "Njo nani alikufwa?" Wakamweleza kwamba hakuna aliyekufa, ni publicité, tangazo la filamu.

Nilidhani atanitukana. Heri angenitukana. Alinijia machozi yakiwa bado mashavuni, akasema taratibu:

"Mwana yangu, bwana yangu alikufwa ku Kambove, mu shimo ya madini. Udongo ulimuangukia, mwili habakuutosha mule ndani. Kilio hatukufanya. Bandugu yake banasema pengine eko muzima fasi ingine. Kama hapa hakuna maiti, muniache nikae kidogo, nimulilie wangu."

Lilikuwa ombi dogo. Viti vilikuwepo, turubai lilikuwepo.

Nikamwambia haiwezekani, tunatakiwa kuhamia sokoni. Nilisema "pardon, mama" kwa ile sauti ya watu wa ofisini. Alikuwa ameshaketi tena chini, na wenye turubai wakaanza kung'oa nguzo huku yeye yuko palepale. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akajitwika makala yake, akaenda.

Na mimi, nikiwa garini, nikamtumia Patrick video.

Alinipigia alasiri, sauti imejaa furaha. "Ma chère, ile mama eko fort! Njo ile nilikuwa natafuta." Nikamwambia yule si mwigizaji, ni mjane, na hakuwa akimlilia mtu wetu. Nikamwomba asiitumie. Nikadhani nimemgusa.

"Sasa weye unaona," akasema, "njo maana inashika bantu."

Video ilikuwa imeshawekwa mtandaoni. Chini ya uso wa yule mama wameandika: Tamthilia inayoiliza Likasi. Jirani yangu amekuja kunionyesha kwenye simu yake, anacheka, hajui kwamba ni kazi yangu. Nami nikacheka naye. Sijui kwa nini nilicheka.

Tangu hapo nawafikiria wale ndugu wa mume, waliomkatalia kilio. Sasa watamwona akilia kwa sauti kwa ajili ya mtu wa filamu. Watasema nini? Watasema si tuliwaambia, huyu mwanamke analia ovyo, hata yule ndugu yetu hakufa. Nimewapa maneno hayo bure.

Pengine nitaacha kazi, pengine sitaacha. Nisijifanye shujaa hapa, kodi ya nyumba inaningoja.

Lakini kesho kuna mtu atamwonyesha ile video, sokoni au kanisani, na nataka nimtangulie mtu huyo. Kukicha nitashuka Panda, nitauliza mama wa makala anakaa wapi. Nitamwambia mimi ndiye niliyerekodi, mimi ndiye niliyetuma. Akinifukuza, nitaondoka, ni haki yake. Asiponifukuza, nitaketi naye chini, alie mpaka atosheke, na nitamuuliza mume wake aliitwa nani.

Leo hata hilo sikumuuliza.