Picha ya Askofu Kwenye Leso

Sanyuanli, Guangzhou

Kwako kaka yangu Ezra, Baba Askofu wa wengine,

Mimi sijambo, ila mvua ya huku haikomi na nguo hazikauki. Jana nilipata unga wa ugali dukani kule barabara ya Huanshi Zhonglu, nikasonga mpaka majirani wakaja kuonja.

Zile leso za kampeni ya Mheshimiwa zimetoka kiwandani, na zina kosa. Bosi wa kiwanda aliitazama picha mliyonitumia, wewe na joho lako umemwekea Mheshimiwa mkono begani, akadhani mgombea ni yule mwenye joho. Kwa hiyo umechapishwa wewe, tena kwa ukubwa, na chini yako "Mpeni kura". Mheshimiwa yuko pembeni kama dereva wako.

Nilicheka hadi machozi. Kisha nikajiuliza ni nani kanisani kwetu angeiona leso hiyo akashangaa. Sikumpata hata mmoja.

Usikasirike. Bosi amekubali kuchapa upya kabla kontena halijapelekwa bandarini Huangpu siku ya Ijumaa. Ila anasema mkono wako hautoki bila kukata bega la Mheshimiwa. Nitumie picha yake akiwa peke yake.

Najua utaituma. Bado namkumbuka shemasi kijana aliyemrudishia chifu mbuzi aliyeletwa ili chifu huyo asifiwe mimbarani. Krismasi ile tulikula sukuma wiki, na aliyelalamika ni mimi tu.

Dada yako, ambaye ameshakusamehe kwa ajili ya mbuzi yule,
Njambi