Supu Niliyoitia Chumvi Makusudi

Kaka Kin-fung,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Vancouver, wewe na wifi na watoto. Baba anakusalimu sana. Nimeona nikuandikie kwa sababu hapa nyumbani To Kwa Wan kuta zetu ni nyembamba, na Mama husikia kila neno ninalosema kwenye simu.

Unamjua mama yetu. Hajawahi kusifu kitu bila kukitilia “lakini”. Ulipoingia chuo kikuu aliwaambia majirani kwamba mtoto kajitahidi, lakini mwandiko kama kuku kapita. Gauni langu la harusi zuri, lakini kiuno kiko wapi? Wewe na mimi tulikuwa tukikanyagana miguu chini ya meza, tukiingoja hiyo lakini yake.

Kaka, haisemi tena. Tangu atoke hospitali kila kitu ni kizuri. Juzi nilimletea machungwa makavu kama pamba, akasema matamu. Nikangoja. Akaendelea kula.

Jana niliitia supu ya mifupa ya nguruwe chumvi nyingi makusudi. Baba alionja akanitazama kama nimerukwa na akili. Mama akamaliza bakuli zima, akasema siku hizi nimejua kupika, mume wangu ana bahati. Nilikimbilia jikoni nikafungulia bomba, nisisikike nikilia. Sijawahi kuogopa hivyo.

Sasa nikwambie ukweli. Si vidonda vya tumbo kama nilivyokueleza. Ni saratani, na imeshafika kwenye ini. Baba aliamua Mama asiambiwe, kama tulivyomfanyia Bibi, nami nikakubali. Tukakuficha na wewe, tukiogopa kwamba ukija ghafla Mama atashtuka. Nadhani alijua zamani, na yeye ndiye anayetuficha sisi.

Leo asubuhi alikuwa akikunja nguo, akaniuliza habari zako. Nikamwambia umepandishwa cheo. Akasema Kin-fung ni mtoto mwema. Nikasimama na shati la Baba mkononi, nikingoja aseme lakini hapigi simu, lakini amekonda, lakini kaenda mbali mno. Akachukua soksi nyingine, akaikunja.

Usingoje likizo, Kaka. Njoo sasa. Na ukifika usivue viatu mlangoni. Ingia navyo hivyo hivyo, vichafu, hadi kitandani kwake. Labda atakugombeza.

Wasalimie wote.

Mdogo wako,
Suet-yi