Mtamba Niliyemshona kwa Kitambaa cha Kahawia

S.L.P. 47,
Garsen.
Jumanne, 20 Mei 2025.

Mpendwa Shangazi Fardosa,

Assalamu alaikum warahmatullah. Umeamkaje, na watu wa nyumba hiyo wameamkaje? Goti lako linakubali kupanda ngazi au bado linakupa taabu? Mvua imefika Isiolo, ama ni ule upepo tu na vumbi lake? Mifugo ya wakwe zako inapata majani? Na mjukuu wako Kinsi bado anakutilia dawa ya masikio, au umemkatalia tena?

Sisi tumeamka, alhamdulillahi. Mto umejaa lakini haujavuka tuta. Majani ni mazuri mpaka Minjila na maziwa yameshuka bei. Mimi mwili ni mzima. Natanguliza hilo ili usidhani barua hii ni ya ugonjwa.

Shangazi, nimeogopa. Unanijua. Nimetangaza habari za mafuriko nikiwa nimesimama ndani ya maji, na miaka ile ya mapigano nililala katika nyumba zilizokuwa zimekimbiwa na wenyewe. Kila mara kazi ilipokwisha nilirudi nyumbani. Safari hii habari imeanzia nyumbani, na sina mahali pengine pa kurudi.

Nianze na vile vipande vyangu vya nguo. Kimoja unacho, kile cha birika lako jeusi. Tangu nilipopunguziwa kazi redioni, kila siku baada ya adhuhuri nakaa dukani kwa Dorothy, fundi cherehani wa Kipokomo aliye kando ya njia iendayo mnadani. Nachukua vipande kutoka kapu lake la mabaki. Naweka kitambaa chini, kipande cha blanketi kuukuu katikati, kitambaa kingine juu, vyote saizi ya kiganja, kisha nashona kwa mkono tabaka zote pamoja. Sharti langu ni moja: nishone kitu nilichokiona siku hiyo kwa macho yangu. Kikiisha nakitundika kwenye uzi mlangoni. Dorothy hunicheka. Huniuliza, "Mwandishi, hili godoro la leo ni la panya gani?" Lakini watu husimama kutazama, na wameshazoea kwamba alichokitundika Abdia ndicho kilichokuwa.

Mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza.

Siku ya mnada wiki iliyopita niliona mtamba mzuri akirudishwa bila kuuzwa. Alikuwa wa rangi ya majivu, karibu na weupe. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa pembeni, na ubavuni alikuwa na chapa: mstari uliopinda kama jino la tembo, na nukta mbili chini yake. Nilikaa nikamshona. Chapa niliiweka kama ilivyo, kwa uzi mnene niliouvuta mpaka ukazama, kitambaa kikainuka pande zote mbili kama ngozi iliyochomwa. Nilifurahi kwa kweli, kwa sababu ilitoka sawasawa.

Ila kapu la Dorothy siku hiyo halikuwa na kitambaa cha rangi ya majivu. Alikuwa anashona sare za shule, na mabaki yote yalikuwa ya kahawia. Nikamshona mtamba kwa kahawia. Kwangu rangi ilikuwa kitambaa tu. Mimi binti wa wafugaji, ninayejua kwamba kwetu ng'ombe huitwa kwa rangi yake kabla ya jambo lingine lolote, nilikosea hapo hapo.

Kesho yake alikuja Dagane, yule mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanighi, kupunguziwa suruali. Alikaa kwenye benchi akingoja. Nilimwona akikitazama kile kipande, kisha akainuka akakishika kwa vidole viwili. Akamsalimu Dorothy upya kana kwamba ndiyo kwanza anafika, akanigeukia mimi.

"Dada Abdia, hii ni chapa ya marehemu baba yangu. Mtamba wangu wa kahawia alipotea wakati wa maji ya mwaka jana. Umemwona wapi?"

Nilimjibu ukweli. Nilimwambia nimemwona mnadani, lakini hakuwa wa kahawia, alikuwa wa majivu, na nikamweleza habari ya kapu na sare. Dorothy akanithibitishia, tena kwa sauti kubwa. Dagane alisikiliza mpaka mwisho. Si mtu wa kelele.

"Rangi umeibadilisha baada ya mimi kukutajia yangu," akasema.

Ningekuwa mimi ninayemhoji mtu, ningesema vivyo hivyo. Akaniuliza nani alikuwa na mtamba huyo. Nikamwambia jina la mtu nitalitaja mbele ya wazee, si dukani. Niliyasema hayo kwa mazoea ya kazi, na papo hapo nikajua nimemwambia kwamba jina lipo na ninalijua. Alichukua suruali yake, akalipa, akasimama mlangoni.

"Basi kesho nishonee na aliyekuwa akimswaga."

Shangazi, aliyekuwa akimswaga ni Bonaya. Mwanao.

Sijamwambia mtu isipokuwa mwanangu Kassim na Dorothy. Lakini Garsen ni mji mdogo na mnadani watu walikuwa wengi. Kabla ya kile kipande kushushwa, mtu alishakipiga picha, na sasa inazunguka kwenye simu za watu na maneno yameandikwa chini yake: mwandishi ameona ng'ombe wa wizi. Sikuandika hivyo. Sikusema hivyo. Lakini wanaoisoma wanasema Abdia kasema, na hilo kwao limetosha.

Dagane mwenyewe simwogopi sana. Nawaogopa wapwa zake. Wamepita mbele ya duka na pikipiki mara kadhaa, polepole, bila kusalimia. Jana walisimama wakamuuliza Dorothy kama kuna kipande kipya. Aliwajibu kwamba fundi wa magodoro ya panya anaumwa, nao wakacheka, lakini hawakuondoka mara moja. Nilikuwa nyuma ya pazia la kupimia nguo nimeshika mkasi, na niliposikia pikipiki zimeondoka ndipo nikaona nilikuwa nimeushika upande wa makali.

Bonaya wakati huo hakuwa na habari. Yuko na ng'ombe mabondeni kusini ya Minjila, na simu yake haishiki mtandao. Nilikuwa naogopa aje mjini kununua sukari, amsalimie mtu kwa mkono mkunjufu, na yule mtu awe mmoja wao. Ndiyo maana Jumapili nilimtuma Kassim akamtafute.

Kassim amerudi leo asubuhi. Amempata mzima. Bonaya alipoelezwa hakukasirika. Alisema yule mtamba ni wa uzao wa Dalecha, ng'ombe wa mama yake, na chapa ile ng'ombe hao wamekuwa nayo tangu yeye hajazaliwa. Kwa nini wana chapa ya watu wa Nanighi hajui. Baba yake alifariki bila kumwambia. "Muulizeni mama," alisema, "yeye ndiye aliyekuwa akikamua."

Nami ninamkumbuka Dalecha. Nilikuwa mdogo. Alikuwa wa rangi ya majivu, ndiyo maana ulimpa jina hilo, na hakukubali kukamuliwa na mtu mwingine ila wewe. Nakumbuka pia kwamba kila mvua zikiisha ulikuwa ukijaza kibuyu cha samli, na mjomba Sabdio, baba yake Bonaya, anakipeleka Nanighi kwa mzee mmoja aliyeitwa Abdirashid. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Sasa nimeulizia: Abdirashid ndiye marehemu baba wa Dagane.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Dalecha alikuwa wenu, au mliazimwa mkamue? Kama aliazimwa, basi chapa ya Abdirashid kwenye uzao wake ni halali, na Bonaya si mwizi. Ni mtoto anayetunza amana ambayo hakuambiwa kuwa ni amana. Kama sivyo, niambie vilevile. Nitalibeba nitakalolisikia, hata likiwa baya. Nisichoweza kubeba ni kukaa hapa nikikisia.

Dagane hawezi kukumbuka. Miaka hiyo alikuwa akisoma mbali, na mzee wake hakuacha mtu mwingine anayejua. Mjomba Sabdio naye tulimzika. Umebaki wewe.

Wazee watakaa Ijumaa baada ya sala, chini ya Mzee Jatani wa kamati ya amani. Bonaya amekataa kujificha na amekataa kumpakia mtamba kwenye lori. Anasema mnyama akiletwa amefunikwa turubai tayari ameshahukumiwa. Atatembea naye mchana, barabarani, mpaka kwa wazee, ili kila mtu aone rangi yake. Nimemtumia neno tena kwamba njia ile ni ndefu na wenye pikipiki wanaijua. Kassim anasema nisichoke bure. Huyo ni mwanao, na wewe unajua ni nani aliyemfundisha ukaidi.

Basi nitakwenda kumlaki njia panda ya Minjila na kutembea naye kipande kilichobaki. Dorothy anasema atafunga duka aje nami, na atabeba lile kapu lake la mabaki kama ushahidi. Nimemwambia kapu si ushahidi. Amesema hata godoro la panya halikuwa ushahidi mpaka lilipokuwa.

Usishangae kwamba nimeandika badala ya kupiga simu. Mara ya mwisho Kinsi alikurudia maneno yangu kwa kelele mpaka jirani akaja kukupa pole, na jambo hili halifai kusikika uani. Barua hii inaondoka na basi la kesho kupitia Nairobi, dereva ameahidi kuikabidhi kwenye gari la Isiolo. Ikifika Alhamisi, jioni hiyo hiyo Kinsi akupigie kwa Mzee Jatani, nambari nimeiandika nyuma ya bahasha. Usihangaike kusikia atakachosema. Wewe sema tu unachokijua, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, yeye atakuwa na wazee wenzake wakisikiliza.

Ndani ya bahasha nimetia kile kipande. Kimeleta balaa la kutosha hapa, na sitaki kipigwe picha nyingine. Tafadhali usiitazame rangi, kwa sababu rangi ndiyo iliyo ya uongo. Fumba macho na upitishe kidole kwenye ile alama ubavuni, ulikokuwa ukiegemeza kichwa ukikamua. Kama kidole chako kinaijua, utakuwa na la kusema.

Siku hizi zote sijaacha kushona. Cha leo ni birika la chai la Kassim lililorudi naye kutoka mabondeni limebonyea. Nilitafuta kitambaa cha rangi yake hasa, na kwa kukikosa sijakitundika.

Nisalimie Kinsi na mama yake. Msalimie pia mkweo, bwana wa nyumba, na umwambie samli aliyoomba nitaituma njia ikitulia. Dorothy anakusalimu na anauliza kama lile shuka la maua lilikutosha. Kassim anakuamkia.

Mwenyezi Mungu akupe afya, aufungue ulimi wako kwa yaliyo kweli, na amfikishe Bonaya kwa wazee akiwa bado anamswaga mtamba wake. Mwombee kuanzia sasa, usingoje Ijumaa.

Wako akupendaye, binti wa kaka yako,

Abdia