Mbona Mwajuma?

Jumatatu, 4 Mei
Naapa kuandika yote humu, hata yanayoniaibisha. Nina wivu. Ijumaa Madamu Neema, mwalimu wa mazoezi anayetufundisha Hesabu, atakaguliwa na mkufunzi wa chuo chake. Mwanafunzi mmoja atamsaidia kuandaa somo la sehemu, kisha atafundisha kidogo mbele yetu. Mimi ndiye wa kwanza darasa la saba. Amemchagua Mwajuma. Mwajuma!

Jumanne, 5 Mei
Mapumziko yote walikuwa ofisini wanakata maboksi kutengeneza zana za somo. Nimepita dirishani makusudi. Wanacheka. Hata muhogo wangu sikuumaliza.

Jumatano, 6 Mei
Madamu aliuliza, "Mmeelewa?" Tukaitika, "Tumeelewaaa!" Sauti yangu juu ya zote. Mwajuma akanyoosha kidole.
"Mie sijaelewa, madamu. Nusu na moja ya tatu, kwa nini tusijumlishe tu juu kwa juu, chini kwa chini?"
Nikamwambia, "We naye! Utatuweka hapa mpaka Manzese yote ilale." Darasa likacheka. Madamu hakucheka. Aliliandika swali lile kwenye andalio lake la somo. Kosa la Mwajuma ndilo limekuwa somo! Majibu yangu sahihi hayaandikwi popote.

Alhamisi, 7 Mei
Jaribio. Nimepata yote isipokuwa la mwisho: eleza kwa nini hatujumlishi namba za chini. Niliandika, "Kwa sababu lazima utafute kigawe kidogo cha shirika." Madamu ameweka kosa, na maneno mekundu: "Hiyo ni namna. Sababu je?"
Mwajuma kapata hilo. Namchukia. Hapana. Ndiyo, leo namchukia.

Ijumaa, 8 Mei
Mkufunzi alikaa nyuma. Mwajuma alishika vipande vya boksi.
"Mie nilijumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, nikapata mbili ya tano. Haya, tazameni. Nilianza na nusu, nikaongezewa moja ya tatu. Mbona hii mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu yangu? Nimeongezewa au nimeibiwa?"
Hata mkufunzi alicheka. Mimi nilitazama vile vipande nikaona. Miaka yote nimekuwa nikipata vema bila kuona.

Jumamosi, 9 Mei
Nimefua sare. Wivu upo, lakini umepoa. Nimemwandikia Mwajuma kikaratasi, mdogo wangu amempelekea. Nataka jibu Jumatatu kabla ya kwenda mstarini. Nimemuuliza: "Nusu ukiigawa kwa robo unapata mbili. Kanuni naijua. Ila tumegawa, mwenzangu, mbona imekuwa kubwa?"