Baiskeli Ilitangulia Kubebwa

Dada Zainabu, shikamoo.

Nimefika Geita mzima, na baiskeli nayo ni nzima. Kwenye mlima wa mwisho homa ilinikamata. Nilisukuma, nikakaa, kisha nikalala njiani kabisa. Walionikuta ni Mzee Masanja na mkewe, wakulima wa pamba ambao sikuwahi kuwaona. Waliibeba baiskeli kwanza hadi kwao, ndipo wakarudi kunichukua mimi. Yule mke wa mzee alinieleza baadaye kwamba baiskeli ingeibwa, lakini mimi nisingeibwa na mtu.

Alininywesha uji wa mtama na dawa za majani siku nne. Siku ya pili nilikuwa hoi. Mzee akachuchumaa kando ya kitanda akauliza, "Ukifa, baiskeli nimpelekee nani?"

"Dada yangu Zainabu, Tabora, nyuma ya stesheni."

"Tabora sijafika. Nitauliza."

Akalirudia jina lako mpaka akalishika, kisha akaenda kumwomba jirani amchungie ng'ombe. Kuendesha baiskeli hajui, kwa hiyo alikusudia kuisukuma njia nzima.

Nilipopona akamwambia jirani kuwa safari imeahirishwa. Asubuhi ya kuagana nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi. Yeye akatazama pembeni, akasema kweli vumbi ni jingi.

Dada, nimemwambia aje Tabora hata kama sijafa. Akifika, mpikie kuku, mpe asali, na alale kitandani kwangu.

Mungu akutunze wewe na wanao.

Mdogo wako,
Hamisi